Pima Uso, Si Theluji: Kuwapiga Picha Watu Wasiopiga Pozi Katika Mwanga wa Majira ya Baridi

Picha ya mtu aliyekwisha kuisahau kamera haina marudio. Kicheko kinakuja na kuondoka kwa nusu sekunde, na katika nusu sekunde hiyo mpigapicha hana nafasi ya kuhangaika na vitufe. Majira ya joto kosa dogo la mwanga husameheka. Majira ya baridi mambo ni mengine: jua liko chini, ardhi huenda ni nyeupe, makoti ni meusi, na ndani ya hatua kumi mtu anaweza kupita mbele ya theluji inayong'aa, kisha mbele ya ukuta wa giza, kisha mbele ya dirisha lenye taa. Kamera iliyoachwa ijiamulie itatoa picha tatu zenye mwangaza tofauti, ilhali mwanga uliokuwa ukimwangukia mtu yule usoni haukubadilika hata kidogo.

Fundo lenyewe liko hapo. Mita ya kamera hupima mwanga unaorudi kutoka kwa kila kilichomo ndani ya fremu. Mpigapicha anachotaka kujua ni mwanga unaoufikia uso. Katika mazingira ya kawaida, yenye majani, udongo na kuta za rangi ya wastani, vipimo hivi viwili hukaribiana kiasi kwamba hakuna anayeona tofauti. Theluji na makoti meusi huvitenganisha. Karibu kila ugumu wa picha za watu wakati wa baridi, kuanzia nyuso zilizotiwa giza hadi ngozi zilizogeuka samawati, unaanzia kwenye mtengano huo.

Jua lisilopanda

Ukitaka kujua jua litafika juu kiasi gani saa sita mchana katika siku fupi kuliko zote za mwaka, chukua 66.5 utoe latitudo ya mahali ulipo. Kwenye latitudo 40 jibu ni nyuzi 26.5, kwenye 50 ni 16.5, kwenye 60 ni 6.5 tu. Mtu wa mita 1.7 aliyesimama kwenye latitudo 50 mchana huo ana kivuli cha karibu mita 5.7. Hesabu ni ileile kaskazini mwezi Desemba na kusini mwezi Juni.

Jua la namna hii si adui. Halichimbi mashimo meusi machoni kama jua la utosini, na linapita chini ya ukingo wa kofia na kuufikia uso wote. Nuru yake hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kufika, kwa hiyo ni laini kidogo na ina rangi ya joto tangu asubuhi hadi jioni. Tatizo ni kwamba linakuja karibu sawa na usawa wa macho, na hapo mahali aliposimama mtu huamua kila kitu.

Akilitazama jua, atakunja uso. Macho yatakuwa mistari miwili, na kukiwa na upepo yatatoa machozi. Mwanga wenyewe pia ni bapa, unapiga pua na mashavu kwa nguvu moja, na uso unakosa umbo. Jua likiwa ubavuni, nusu ya uso inang'aa na nusu inazama. Bila theluji chini, tofauti ya pande hizo mbili hufika stopu 3 au zaidi, na kila stopu ni mwanga kuzidishwa mara mbili au kukatwa nusu. Theluji ikiwepo hurudisha mwanga kutoka chini na kuuinua upande wa giza, na picha ileile iliyokuwa kali inakuwa ya kupendeza.

Kwa picha zisizopangwa, jua likiwa nyuma ya mtu ndilo chaguo la kwanza. Macho yanafunguka yenyewe, nywele na mabega yanapata mstari wa nuru, na uso unaangazwa na anga yote iliyo mbele yake. Lakini ni hapa pia ambapo kamera hukosea zaidi, kwa sababu inaona mandhari inayowaka na kuutia uso giza. Pima uso peke yake, ukubali mandhari iungue kidogo, yaani iwe nyeupe kupita kiasi. Hudi ya lenzi, yaani kizibo cha pembeni kinachoikinga lenzi na jua, husaidia jua likiwa nje ya fremu. Likiingia ndani ya fremu hudi haina kazi tena, na dawa ni kulificha jua nyuma ya kichwa cha mtu, shina la mti au nguzo. Futa lenzi kabla ya kuanza. Alama moja ya kidole, ambayo siku nyingine haionekani, jua la chini huigeuza kuwa ukungu unaofunika nusu ya picha na kuifanya fokasi itangetange.

Mitaa yenye majengo marefu ina tabia yake. Karibu yote iko kivulini siku nzima, isipokuwa penye mwanya wa jua kati ya jengo na jengo. Mwanya huo ni jukwaa la bure. Simama ndani ya kivuli, pima kwa ajili ya uso ulio juani, ungoje watu wauvuke. Jua la chini lisilo na mawingu huhitaji kitu kama f/5.6 (upana wa tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu pana), shata 1/1000 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia) na ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Kwa kipimo hicho mtaa ulio nyuma unakuwa karibu mweusi, na mtu anajitokeza peke yake. Wengi hufanya makosa ya kuiacha kamera kwenye hali ya kujiendesha: inaona kivuli kingi, inaongeza mwanga, na uso uliotakiwa unageuka doa jeupe.

Theluji inavyoidanganya mita

Mita ya kamera imeundwa kudhani kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, kinarudisha mwanga kama kijivu cha kati. Kadi ya kijivu inayotumiwa na wapigapicha hurudisha asilimia 18. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90. Kamera haijui kwamba ni theluji. Inaona mwangaza mwingi kuliko inavyotarajia na kuupunguza, hadi theluji iwe ya kijivu. Uso unapunguzwa pamoja nayo.

Kwa hesabu, theluji iliyojaa fremu nzima iko stopu 2 na kitu juu ya kijivu cha kati. Kwa hiyo ushauri wa kawaida ni kuongeza fidia ya mwanga ya +1 hadi +2 kwenye kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ushauri huo ni sahihi, ila una mtego. Kiasi cha fidia kinategemea theluji imechukua sehemu gani ya fremu. Mtu aliye mbali katikati ya uwanja mweupe anahitaji +1.7 au hata +2. Msogelee mpaka koti lake jeusi lijaze nusu ya fremu na fidia hiyohiyo itaunguza uso wake, kwa sababu sasa kamera inaona weusi mwingi na imekwisha kuongeza mwanga yenyewe. Mtu anayetembea kukujia huvuka hali hizo mbili ndani ya sekunde nne. Hakuna kidole kinachoweza kuyafuata mabadiliko hayo.

Suluhisho ni kuacha kufuata. Ikiwa mwanga unaouangukia uso haubadiliki, kipimo kisibadilike pia. Weka kamera kwenye M (hali ya kupanga kila kitu kwa mkono), zima ISO ya kujiendesha, na ufunge tundu la lenzi, shata na ISO kwa namba zinazoufaa uso mahali pale. Baada ya hapo mtu anaweza kupita mbele ya theluji, mlango mweusi au basi jekundu, uso utabaki vilevile katika picha zote. Unabadilisha namba tu pale mtu anapotoka juani kuingia kivulini, au wingu linapopita.

Namba zenyewe zinapatikana kwenye kiganja. Vua glavu, nyosha kiganja chako ndani ya mwanga uleule utakaomfikia mtu, kielekee upande ambao uso wake utaelekea, jaza fremu yote na kiganja, soma kipimo, kisha ongeza stopu 1. Viganja vya watu hutofautiana kidogo sana hata pale ngozi za nyuso zao zinapotofautiana mno, na vingi viko takriban stopu 1 juu ya kijivu cha kati. Angalia tu kwamba kivuli cha kamera yenyewe hakikiangukii kiganja. Kazi yote ni ya sekunde tano, na unaifanya kabla mtu hajatokea.

Mfano. Kiganja kinasoma f/2.8, 1/1000, ISO 200. Ongeza stopu 1: iwe ISO 400, vingine viache. Piga picha moja ya majaribio ya chochote kilichopo na utazame histogramu (mchoro wa mgawanyo wa mwangaza, giza kushoto na weupe kulia), si picha iliyo kwenye skrini. Skrini iliyotazamwa katikati ya theluji huonekana ya giza, na usiku huonekana angavu. Zote mbili hudanganya. Kwenye histogramu rundo la theluji liwe upande wa kulia bila kuugonga ukuta. Likigonga kidogo kwenye theluji iliyo mbali na mtu, si neno. Likigonga kwenye paji la uso, punguza theluthi moja ya stopu.

Ngozi nyeusi, ardhi nyeupe

Hapa pana imani inayosumbua: kwamba mtu mweusi mbele ya theluji ni picha isiyowezekana, lazima upoteze kimoja. Si kweli, na hesabu yake ni rahisi. Ngozi ya kahawia iliyokolea hukaa takriban stopu 1 chini ya kijivu cha kati. Theluji stopu 2 na kitu juu yake. Vikiwa ndani ya mwanga mmoja, umbali kati yao ni stopu 3 na nusu hivi. Sensa yoyote ya leo, yaani kipande cha kamera kinachopokea mwanga, inabeba mara mbili ya hapo bila kutoka jasho.

Kinachovunja picha ni pale uso unapokuwa kivulini na theluji ya nyuma iko juani. Kivuli cha wazi, yaani kilicho chini ya anga tupu, kina mwanga pungufu kwa stopu 2 hadi 3, kwa hiyo umbali unaruka hadi stopu 6 au zaidi. Hapo ndipo mtu anapogeuka umbo jeusi lisilo na macho. Dawa haiko kwenye kompyuta. Sogea hatua mbili kando ili nyuma ya mtu pia pawe kivulini, au subiri atoke juani. Uso na mandhari viwe ndani ya mwanga mmoja, na tatizo limekwisha.

Kosa la pili ni kupiga picha ya giza kwa nia ya "kuulinda" weupe wa theluji, kisha kuuinua uso baadaye. Sehemu za giza za faili ndizo zenye taarifa kidogo kuliko zote. Ukiziinua stopu 2, chembechembe za picha zinajitokeza, na rangi ya kahawia yenye uhai inageuka tope la kijivu. Afadhali kupoteza uwanja wa theluji usio na kitu kuliko kupoteza ngozi. Piga kwa RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata), kwani hapo theluji iliyokaribia kuungua mara nyingi bado inarudishika.

La tatu linahusu umbo. Ngozi nyeupe huonekana kwa mwanga unaosambaa juu yake. Ngozi nyeusi huonekana zaidi kwa mng'ao, yaani anga inavyojirudisha kwenye paji, mfupa wa shavu, ukingo wa pua na mdomo wa juu. Ndiyo maana anga ya mawingu, ambayo wengi huilalamikia, inaweza kuichonga ngozi nyeusi vizuri kuliko jua. Masharti ni kwamba mwanga uwe na upande. Mweke mtu, au mngoje, mahali ambapo upande mmoja wa uso wake unaitazama anga wazi na upande wa pili una kitu cha giza karibu: ukuta wa matofali, mti wenye majani mazito, hata rafiki yake aliyevaa koti jeusi. Giza hilo linaufyonza mwanga na kuupa uso kina. Uwanja mweupe pande zote hufanya kinyume chake, unaosha kila kivuli na kuuacha uso bapa.

Na baridi hupausha. Hewa kavu huacha ngozi na mistari ya kijivu puani, kwenye pembe za mdomo na vifundo vya vidole, na lenzi kali huiona kabla ya jicho. Mafuta kidogo kabla ya kutoka nje yanarudisha mng'ao uliotajwa. Yakizidi, paji linakuwa kioo.

Mawingu, na kofia inayogeuka kuwa dari

Siku ya mawingu mazito mwanga unatoka juu. Uso hauna kivuli kikali, lakini una vivuli vilaini palepale visipotakiwa: chini ya nyusi, chini ya pua, chini ya kidevu. Kofia yenye ukingo, ambayo haikuwa tatizo chini ya jua la chini, sasa inakuwa dari na kuyazima macho yote mawili. Kofia la koti lililovutwa mbele ni baya zaidi.

Mbinu hapa ni kusubiri kidevu kiinuke. Watu huinua uso wanapomtazama mtu mrefu, wanapocheka, wanaposoma kibao cha juu, wanapotazama theluji ikianguka. Wakitazama simu ni kinyume, isipokuwa usiku, simu inapowaangazia uso. Ukishuka kidogo na kupiga kutoka usawa wa kifua, anga itaonekana kubwa na nyeupe bila kitu ndani yake. Ukipanda ngazi moja au mbili na kupiga kwa kushuka, mtu atakayekutazama ataunyanyua uso kuielekea anga na macho yatajaa nuru. Anga yenyewe iondoe kwenye fremu kadiri inavyowezekana. Anga ya mawingu haina sura, na ndicho kitu angavu kuliko vyote kwenye picha.

Theluji ardhini hurekebisha mengi ya hayo kwa kurudisha mwanga chini ya kofia. Theluji chafu ya barabarani hurudisha mwanga mchache zaidi, na lami iliyolowa karibu hairudishi kitu.

Vitu vidogo vilivyo karibu na uso vinahesabika pia. Skafu nyekundu chini ya kidevu huitupia taya rangi nyekundu; ya kijani humfanya mtu aonekane mgonjwa; nyeupe au ya rangi ya krimu huangaza chini ya kidevu kama karatasi ya kurudishia mwanga. Katika picha isiyopangwa huwezi kumvua mtu skafu, lakini unaweza kuchagua nani wa kumfuata kwa macho.

Rangi: samawati ya kivulini na dhahabu ya juani

Kivuli cha siku isiyo na mawingu hakiangazwi na jua, kinaangazwa na anga ya samawati. Kwa kipimo cha Kelvini, kinachopima rangi ya mwanga, mwanga huo uko kati ya 7000 na 8000, wakati mwingine zaidi. Mawingu ni karibu 6500, jua la mchana 5500, jua la chini 4000 au pungufu. Theluji haina rangi yake, kwa hiyo huionyesha samawati hiyo waziwazi, na uso ulio kivulini huipata vilevile. Ngozi nyeupe inaonekana imekufa ganzi. Ngozi nyeusi inaonekana ya majivu. Wengi wakiona hivyo huongeza mwangaza. Mwangaza haukuwa tatizo. Rekebisha rangi kwanza, kisha ndipo uamue kama uso kweli ulikuwa wa giza.

Kuna mkanganyiko wa namba unaofaa kuondolewa. Mwanga wenye Kelvini nyingi ni wa samawati, lakini ukiiwekea kamera Kelvini nyingi picha inakuwa ya joto. Hakuna kinachopingana: unaiambia kamera mwanga uliopo ni wa samawati kiasi gani, nayo inaongeza njano ya kuusawazisha.

Rangi ya kujiendesha, yaani kamera ikijichagulia Kelvini, hufanya kazi nzuri kwenye mawingu na hovyo kwenye jua la chini, kwa sababu inaisafisha ile dhahabu uliyoifuata. Funga 5500 juani, 6500 chini ya mawingu, 7500 kivulini. Uso ukiwa nusu juani nusu kivulini kuna rangi mbili na huwezi kuziridhisha zote. Fuata upande wenye nuru, uache upande wa kivuli uwe wa samawati kidogo. Jicho linaukubali ubaridi kwenye kivuli. Likiona rangi ya chungwa iliyopitiliza juani, halisamehi.

Kamera iwe tayari kabla ya tukio

Kasi ya shata ndiyo inayobeba picha hizi. Mtu aliyesimama akizungumza anahitaji 1/250, kwa sababu mikono na midomo haitulii. Anayetembea, 1/500. Watoto wanaorushiana theluji, 1/1000. Kushuka hadi 1/125 ni kucheza kamari, na baridi inaongeza hatari kwa kuwa mikono ya mpigapicha nayo inatetemeka.

Tundu la lenzi lisifunguliwe kupita kiasi kwa sababu tu linaweza. Lenzi ya milimita 85 kwenye f/1.8, mtu akiwa mita 2 mbele, ina kina cha fokasi cha sentimita 6 hivi kwenye kamera ya fremu kamili. Mtu akigeuza kichwa, jicho moja linatoka. Kwa f/2.8 na umbali wa mita 3 kina kinakuwa karibu sentimita 20, na uso wote unaingia hata akisogea. ISO ibebe kinachobaki. Chembechembe za ISO 1600 hazijawahi kuiharibu picha nzuri ya mtu. Ukungu wa mtikisiko umeharibu nyingi.

Mchana wa mawingu mazito, f/2.8, 1/1000 na ISO 400 ni mahali pazuri pa kuanzia. Dakika chache baada ya jua kuzama, f/2.8, 1/500 na ISO 1600. Usiku chini ya taa za barabarani, f/1.8, 1/250 na ISO 6400. Hizi ni namba za kuanzia, kiganja ndicho kinachoamua.

Fokasi iwe ya kufuatilia mfululizo na kutambua macho. Theluji ikianguka kwa wingi, kamera nyingine huikamata chembe iliyo karibu na kumwacha mtu; punguza wepesi wa kuhama shabaha kwenye menyu, au rudi kwenye nukta moja ya fokasi. Theluji yenyewe, kwa 1/250 na zaidi, inaonekana kama chembe. Kwa 1/60 inakuwa mistari, na mtu lazima atulie. Flashi wakati theluji inaanguka usiiwashe: chembe zilizo mbele ya lenzi zitawaka kama madoa makubwa meupe, na kila mtu mtaani atajua kuna mpigapicha.

Kwa simu, gusa uso na ushikilie mpaka kipimo kijifunge, kisha telezesha kidole juu kuongeza mwanga. Zima hali ya usiku, kwa sababu huunganisha picha nyingi na mtu anayetembea hutoka kama mvuke. Hali ya kutia ukungu mandhari nayo hukata vibaya manyoya ya kofia na nywele zilizopeperuka.

Jioni na madirisha

Baada ya jua kuzama, anga huwa ya samawati iliyokolea na madirisha ya maduka huwa ya dhahabu. Kwa muda mfupi vyote viwili vina nguvu inayokaribiana, na huo ndio muda wa kufanya kazi. Kwenye latitudo za juu hudumu zaidi kwa sababu jua huzama kwa mshazari. Dirisha kubwa ni chanzo laini cha mwanga kilicho usawa wa uso, kitu ambacho siku nzima haikukupa. Mtu anayesimama mita 1 kutoka dirishani anapata mwanga mwingi kuliko aliye mita 3, na ukimpima wa karibu, aliye nyuma anazama gizani. Weka rangi karibu 4000: ngozi inabaki na joto na mtaa unabaki samawati.

Shata ya kielektroniki inavutia kwa ukimya wake, lakini chini ya taa za LED huacha michirizi ya mlalo usoni. Ukiiona michirizi, rudi kwenye shata ya kawaida.

Uso ndani ya baridi

Dakika za kwanza baada ya mtu kutoka ndani ni za thamani. Ngozi ina rangi yake, mabega yameshuka. Kadiri muda unavyokwenda, pua na masikio huwa mekundu kwa wenye ngozi nyeupe, macho hutoa maji, midomo hukaza, na mabega hupanda hadi masikioni. Mtu aliyejikunyata hana picha nyingine ya kutoa zaidi ya kujikunyata. Ikiwa mnafahamiana, mpe kazi: amimine chai kutoka kwenye chupa, afunge skafu ya mtoto, afute theluji kwenye kioo cha gari. Mikono yenye kazi hulegeza uso. Picha nzuri mara nyingi hutokea sekunde moja baada ya kumwambia umemaliza.

Pumzi inayoonekana ni pambo zuri, nayo ina masharti yake: jua au taa nyuma, na giza nyuma zaidi. Mbele ya theluji nyeupe pumzi haionekani kabisa. Piga kutoka ubavuni, kwa sababu pumzi inayokuja mbele hufunika macho na kufifisha uso, na piga mfululizo wa picha tano au zaidi kwa sekunde, kwani umbo lake halidumu.

Kwa mtu usiyemjua, sheria za kupiga na kutumia sura yake hutofautiana nchi kwa nchi, na za watoto ni kali zaidi, zijue kabla. Akikuona na kutikisa kichwa, shusha kamera.

Vifaa navyo huumwa baridi

Betri za lithiamu hupungua nguvu kwenye baridi kwa sababu kemia yake huenda polepole na ukinzani wa ndani hupanda. Kamera huona volti imeshuka na kutangaza betri imekwisha, hali chaji bado imo. Ipashe joto mfukoni karibu na mwili na itarudi kazini. Beba mbili au tatu, uzizungushe. Kamera yenyewe usiifiche ndani ya koti kati ya picha na picha: unyevu wa mwili huganda kwenye lenzi kila unapoitoa. Betri ikae ndani, kamera ikae nje. Pumua kwa kuelekeza pumzi chini, la sivyo kitazamio kinaziba na kuganda.

Glavu nyembamba ndani na zenye ncha za vidole zinazofunuka juu yake zinatosha kwa kazi nyingi. Theluji iliyoangukia lenzi ipeperushe kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo.

Unaporudi ndani, hewa ya joto yenye unyevu huikuta kamera ya baridi na maji hutanda juu yake, hata ndani ya lenzi. Ungali nje, ifunge kamera ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, iingie nao, na uiache saa moja hadi mbili mpaka ifikie joto la chumba. Maji yatatanda kwenye nailoni badala ya kamera. Kadi ya picha itoe kabla ya kufunga mfuko, la sivyo utalazimika kuungoja mfuko ndipo uzione picha. Betri iliyotoka kwenye baridi chini ya nyuzi 0 usiichaji mpaka ipate joto, kwa sababu kuichaji ikiwa imeganda huiharibu moja kwa moja.